Msitaji wa Taifa

Ipo nchi ambayo sitaitaja jina. Sikukatazwa kulitaja, ila katika nchi hiyo mtu hujihadhari zaidi na yale ambayo hayajakatazwa, maana yaliyokatazwa angalau adhabu yake inajulikana. Msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ni nchi ya mbali sana, haifanani na ya kwetu hata kidogo, na sisi huwa tunapishana nayo tu asubuhi tukienda kazini.

Mtukufu Kiongozi wa nchi hiyo alialikwa ng'ambo kwenye mkutano wa hali ya hewa. Huko alipandishwa gari la umeme kutoka uwanja wa ndege hadi hotelini, na kwa kuwa gari halikunguruma, alipata usingizi mzuri kuliko hata ule anaoupata akiwa bungeni. Alipoamka alipanda jukwaani akautangazia ulimwengu kwamba wananchi wake, wapenda hewa safi tangu enzi za mababu, wataanza mara moja kununua magari ya umeme. Ulimwengu ukapiga makofi. Wafadhili wakafungua mikoba. Wananchi hawakuulizwa, lakini hilo si jambo la kulaumu, kwani walikuwa wengi na simu ilikuwa moja.

Basi magari yakaja. Tena mazuri, sitasema uongo. Yalipangwa katika duka la vioo kwenye barabara kuu, chini ya taa zisizozimika mchana na usiku, kwa msaada wa jenereta la dizeli lililofichwa nyuma ya maua. Wananchi walimiminika. Walivaa nguo za sikukuu, wakaingia ndani ya magari, wakashika usukani, wakapigana picha, wakafunga milango taratibu kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mzazi, wakamwambia muuzaji, "Nitarudi."

Hapa yanipasa nieleze desturi. Katika nchi hiyo hakuna mtu mwenye adabu anayemwambia muuzaji "sitaki." Husema "nitarudi." Muuzaji akisikia hivyo hurudisha kitambaa kabatini, humtakia mteja safari njema na kwenda kumalizia chai yake. Hakuna aliyedanganya wala aliyedanganywa. Hata mposaji akiambiwa na wakwe "rudini siku nyingine," huondoka na jamaa zake akaanza kuulizia nyumba ya pili.

Wafadhili hawakuijua desturi hii. Walikaa pembeni ya duka wakihesabu, na kila "nitarudi" waliiandika kuwa gari moja lililouzwa. Masika yakapita, kiangazi kikapita, wakauliza serikali, "Wako wapi waliosema watarudi?"

Serikali iliona haya. Ingesemaje? Ingesema kwamba taifa zima, kwa adabu, limekataa? Waziri mmoja mwenye akili nyepesi kuliko wenzake, nyepesi kwa maana ya kukimbia, akajibu, "Wanasita."

"Wanasita kwa nini?" wafadhili wakauliza, na wakafungua tena mikoba.

Siku hiyohiyo ikaundwa Tume ya Taifa ya Kuchunguza Kusita.

*

Mwenyekiti wa Tume alikuwa Mheshimiwa Profesa Lugome, mtu mwenye elimu nyingi kiasi kwamba alipokohoa wanafunzi wake walikopi. Tume ilipewa hoteli yenye bwawa la kuogelea, magari makubwa ya dizeli ya kuwafikisha wajumbe bwawani, na miaka mitano ya kuanzia. Ilikosa kitu kimoja tu, nacho ni mtu anayesita.

Wajumbe walisambaa. Walimsimamisha mwenye duka la vipuri wakamuuliza, "Ndugu, unasita kununua gari la umeme?" Akajibu, "Sisiti. Sinunui." Walimuuliza mwalimu akasema hana uwezo wa kununua hata matairi yake, seuze kusita. Walimuuliza mbunge, akasema yeye ni muumini mkubwa wa umeme na ndiyo maana nyumbani kwake kuna majenereta mawili. Nchi nzima haikuwa na mtu hata mmoja aliyesimama njia panda. Kila mtu alikwishapita njia yake zamani.

Wajumbe wakaanza kukonda, kwa kadiri mtu anavyoweza kukonda hotelini.

Ndipo akatokea Mikidadi Chande.

Mikidadi alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, maulidi, matanga, popote palipohitajika pilau la watu wengi, waliitwa Mikidadi na masufuria yake. Hakuwa na haja ya gari, masufuria yalibebwa na wenye shughuli. Lakini mke wake, Kibibi, figo zilimgomea. Ikabidi mara mbili kila wiki apelekwe hospitali ya rufaa, iliyojengwa juu ya mlima ili ionekane vizuri kwenye kalenda, akasafishwe damu kwa mashine. Walikwenda kwa bodaboda, mtindo wa mshikaki: dereva mbele, Kibibi katikati, Mikidadi nyuma amemzungushia mkewe mikono. Kwenda haikuwa shida. Shida ilikuwa kurudi, mashine ikishamaliza kazi yake, kichwa cha Kibibi kinazunguka na miguu haina habari naye.

"Mimi sasa ni nyama ya katikati," Kibibi alikuwa akisema. "Nikiiva mnishushe."

Mikidadi akauza masufuria. Akauza na kipande chake cha mikorosho. Akavaa koti, akaenda kwenye duka la vioo.

Muuzaji aliitwa Bi Fausta, mwanamke mstaarabu aliyekwisha kuambiwa "nitarudi" hata akaanza kuiota.

"Karibu, baba. Hili linapanda mlima wowote."

"Linapanda na kurudi?"

"Linapanda, linarudi, linapanda tena."

"Likiishiwa njiani je, binti yangu? La petroli naomba kwa mwenzangu, ananimiminia kwenye chupa. Umeme nitauomba kwa chombo gani?"

Bi Fausta akacheka kidogo kwa siri. "Utalichaji nyumbani kabla hujatoka, baba."

"Na umeme ukikatika nyumbani?"

"Baba," Bi Fausta akageuka kutazama mlango, "hapa tunasema umeme umepumzika."

"Betri ikichoka?"

"Ina dhamana ya miaka minane."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo utakuwa umeshalizoea."

"Na siku nikitaka kuliuza?"

"Utamwonyesha mnunuzi."

"Naye atasema atarudi."

Wakacheka wote wawili. Mikidadi akaingia ndani, akakiegemea kiti, akakipima kwa mgongo wake mwenyewe huku akiwazia mgongo mwingine. Kisha akatoka akasema, "Nitarudi." Bi Fausta akamtakia safari njema, akaenda kumalizia chai.

Nyumbani Kibibi alikuwa amelala mkekani ukumbini. Mikidadi akamweleza yote, la chupa, la betri, la kuuza. Kibibi akasikiliza, kisha akauliza maswali yake.

"Lina mlango?"

"Minne."

"Kiti kinaegemeka?"

"Hata kichwa kina pa kuegemea."

"Basi nunua. Hayo ya umeme waachie wenye umeme. Mimi nataka kurudi nimekaa kama mtu."

Kesho yake asubuhi Mikidadi akarudi.

*

Alirudi! Msomaji wa nchi yetu anaweza asielewe uzito wa tendo hilo. Bi Fausta alipomwona akipita mlangoni kikombe kilimtoka mkononi. Haijapata kutokea, tangu nchi hiyo ipate bendera, mtu aseme atarudi kisha arudi.

"Baba," akanong'ona, "umesahau kitu?"

"Nimekuja kununua."

Wajumbe watatu wa Tume, waliokuwa wamejificha nyuma ya maua pamoja na jenereta, wakaruka nje. "Jana hukununua!" akapaza sauti wa kwanza. "Leo umekuja kununua!" akadakia wa pili. Wa tatu alikuwa mtaalamu wa hesabu, akatoa leo kwa jana, akapata jibu, akapiga goti. "Kati ya hapo na hapa alisita! Ndugu zangu, tumempata!"

Walimkumbatia. Walimbeba. Bi Fausta alijaribu kusema kwamba mteja ana mgonjwa na gari liko tayari, akaambiwa kuwa kuanzia dakika hiyo ni marufuku kumuuzia mtu huyu chombo chochote chenye magurudumu, kwa sababu akinunua atakuwa amekata shauri, na akikata shauri taifa litabaki na nani?

Siku ya kwanza hotelini Mikidadi aliketishwa kwenye kiti kirefu mbele ya wajumbe wote. Kwanza alisimama malenga wa Tume, ambaye naye alikuwa na chumba chake hotelini, akaghani:

*Ewe Mkuu wa nchi, umetupa jambo jema,*
*Kusita hakutuachi, bila ya tume kusoma,*
*Na viti hatuviachi, mpaka posho kukoma,*
*Asite tena asite, nchi ipate neema.*

Vina vilitimia. Mizani ilitimia. Ukweli nao ulitimia katika mshororo wa tatu, jambo linalowapata washairi wa kukodiwa pindi wakibanwa na kina. Walipiga makofi, maana katika kumbi zile shairi hupigiwa makofi likiisha, halisikilizwi.

Profesa Lugome akasafisha koo. "Ndugu Msitaji. Kwa niaba ya Mtukufu Kiongozi, kwa niaba ya wafadhili, kwa niaba ya vizazi ambavyo havijazaliwa na vile vilivyozaliwa bila taarifa, nakuuliza: kwa nini wanunuzi wanasita?"

"Mheshimiwa," Mikidadi akasema, "wanaogopa kuishiwa njiani. Umeme haukai. Fundi wa mtaani hajui kulitengeneza. Betri ikifa bei yake ni kama ya gari lenyewe, na ukitaka kuliuza humpati wa kulinunua. Ndiyo hayo. Mimi mwenyewe niliyaogopa kwa siku moja, sasa siyaogopi, nina mgonjwa. Naomba ruhusa nikalinunue, leo ni siku yake ya mashine."

Mjumbe mmoja wa kike aliyekuwa ameshalipa ada ya mtoto shule ya ng'ambo kwa miaka yote mitano akaanza kulia.

Profesa akatabasamu kwa huruma. "Hayo ni majibu, ndugu. Hatukuja hapa kutafuta majibu, majibu yanapatikana hata kijiweni. Sisi tunataka kusita kwenyewe. Kunaanzia wapi mwilini? Kunapanda au kunashuka?"

Wakampima. Mtaalamu wa moyo alimwonyesha picha ya gari akamshika mkono kusikiliza mapigo. Mtaalamu wa lishe akauliza kama mama yake alisita kumwachisha ziwa. Mtaalamu wa mila aliuliza kama ukoo wao una mwiko wa kugusa vitu visivyonguruma. Katikati ya kupimwa Mikidadi aliuliza, kwa unyenyekevu, "Waheshimiwa, na ninyi mnaendesha magari gani?"

"Ya dizeli," akajibu Profesa bila kupepesa. "Sisi ni watafiti, bwana. Daktari wa kifaduro lazima akohoe?"

Jioni posho ziligawiwa. Kila mjumbe alipata bahasha. Madereva walipata, malenga alipata, aliyepanga maua alipata. Mikidadi akanyoosha mkono naye, akifikiria nauli ya bodaboda ya mkewe. Mgawaji akamshangaa.

"Wewe mzee si mshiriki. Wewe ni mada. Tangu lini mada ikalipwa posho?"

*

Wakamruhusu kulala kwake, kwa sharti kila asubuhi aripoti kusita. Wakabandika picha yake mjini, ukutani na kwenye nguzo za umeme, ambazo kwa kuwa hazikuwa na kazi nyingine zilifurahi. Kidole kidevuni, macho mbali, na chini yake maandishi makubwa: ANASITA KWA AJILI YETU.

Mikidadi hakuwa mjinga. Alisema moyoni, wakininyima la umeme nitanunua la petroli, hata bovu, mradi lina mlango. Akaenda kwenye uwanja wa magari yaliyotumika, kwa Bwana Shebe, waliyepikiana na kulishana naye tangu ujana.

Shebe alimwona kwa mbali, akaanza kufunga geti.

"Shebe! Ni mimi!"

"Najua ni wewe, nchi nzima inajua ni wewe! Sogea huko, Miki, usinitie matatani."

"Niuzie lile la kijani. Nimelipenda."

"Usiseme umelipenda! Sema hujui! Sema unafikiria!" Shebe akachungulia barabarani. "Walikuja hapa jana. Wameniambia nikikuuzia hata toroli nimehujumu utafiti. Nina watoto, Miki."

"Harusi za hao watoto nani alipika?"

Shebe akashika komeo, asifunge wala asifungue. Machozi yalikuwa karibu. "Ulipika wewe. Na pilau lile sijapata kula tena. Lakini sikuuzii."

Wapita njia wakaanza kukusanyika. "Msitaji!" kijana mmoja akapiga kelele. "Leo umekula au bado unaitazama sahani?" Mwingine akasema, "Mwacheni, ndiye anayetuletea wafadhili." Mwanamke mwenye kapu la nyanya akamwombea dua aendelee kusita hadi barabara ya kwao iwekwe lami, maana walikuwa wameahidiwa hivyo.

Sasa nisimulie nilichoambiwa na majirani, nami sikiongezi. Siku moja ya mvua, wakirudi mshikaki kutoka mlimani, pikipiki iliteleza. Dereva alisimama, Mikidadi alisimama, Kibibi hakusimama. Hakuvunjika mfupa, lakini goti lilichubuka, na mtu aliyetoka kwenye mashine ile akichubuka damu haina haraka ya kukoma. Mikidadi alivua koti akalifunga goti. Wakakaa hapo pembeni ya barabara, mvua inanyesha. Magari ya Tume yakawapita yakielekea bwawani, na kila dereva akapiga honi ya heshima kwa Msitaji wa Taifa.

"Wanakujua," akasema Kibibi.

"Wananijua."

"Umekuwa mkubwa, mume wangu. Zamani ukisita kuninunulia khanga hakuna aliyekupigia honi."

Alicheka peke yake. Kisha akasema, bila kumtazama, "Mimi pikipiki sipandi tena, Miki. Usinibembeleze. Nitakwenda nikipata kiti."

Mikidadi alijua hesabu yake bila kuifanya: asiyekwenda kwenye mashine haendi mbali.

*

Siku ya mashine iliyofuata ndiyo ilikuwa siku ya Kongamano Kuu la Kusita. Mtukufu Kiongozi mwenyewe alikuwa mgeni rasmi. Barabara zote zilifungwa tangu alfajiri ili msafara wake upite, kwa hiyo hata kama Kibibi angelegeza msimamo, bodaboda haikuwepo. Hoteli ya Tume ilikuwa njiani kwenda mlimani. Mikidadi akafikiri: pale patakuwa na magari mengi kuliko mahali popote nchini, haiwezekani yote yakose roho. Akaazima mkokoteni wa jirani, akautandika godoro, akamlaza mkewe, akausukuma.

Mlangoni mwa hoteli magari yalipangwa kama meno, meusi, madereva ndani. Akaanza na la kwanza. "Mwanangu, nifikishie huyu hapo juu tu."

"Mzee wangu, nakuheshimu. Lakini hakuna gari linalotoka kabla ya gari la Mtukufu. Ni itifaki."

"Atatoka saa ngapi?"

"Akimaliza kuhutubia."

"Ataanza saa ngapi?"

Dereva akapandisha kioo taratibu, kwa aibu.

Akamnyanyua Kibibi, akaingia naye ukumbini wakikokotana. Viti vilijaa, na vile vilivyokuwa vitupu vilikuwa na majina ya watu ambao hawangekuja. Katikati, juu ya zulia jekundu, limezungushiwa utepe, lilikaa gari la umeme jeupe kutoka kwenye duka la Bi Fausta. Lilipitishwa ngazini kwa mabega ya vibarua. Betri yake ilikuwa imetolewa na kuachwa uani, kwa kuwa Profesa na wajumbe wote kwa kauli moja waliogopa isije ikawalipukia.

Profesa alikuwa jukwaani. "...na huyu hapa, Mtukufu, mwananchi pekee! Mwambie Mtukufu, ndugu Msitaji, bila woga: unasita?"

Kipaza sauti kikaletwa mdomoni mwa Mikidadi. Mkono mmoja alimshika mkewe.

"Sisiti," akasema. "Sikusita tangu siku ya pili. Mtukufu, nimekata shauri. Nalinunua hili hapa, nalinunua sasa, mbele yako, na kama hamniuzii niazimeni, na kama hamniazimi msukumeni mke wangu humohumo ndani yake mpaka hospitali. Anakufa, mabwana. Anakufa mbele ya magari."

Mtukufu akamwinamia Profesa, kana kwamba anauliza kama Tume basi imekwisha.

Hapo ndipo elimu inapoonekana. Profesa Lugome hakutaharuki hata kidogo. Akanyanyua mikono.

"Mmesikia! Jana alisita, leo hasiti. Na kesho je? Ndugu zangu, huyu mtu sasa anasita kati ya kusita na kutosita! Ni kusita kwa daraja la pili, hakujapata kuonekana popote duniani. Mtukufu, naomba miaka mingine mitano."

Wafadhili wakasimama kupiga makofi. Mtukufu akasimama. Ukumbi mzima ukasimama, vigelegele, ngoma, kamera. Hakuna aliyeketi isipokuwa mmoja. Miguu ya Kibibi ilikuwa imeshakataa. Alipita chini ya utepe, akafungua mlango wa gari jeupe, akaingia, akakaa. Askari wakatazamana; Profesa akawaashiria wamwache, alidhani ni sehemu ya maonyesho, na waliokuwa karibu wakaanza kushangilia upya.

Mikidadi akazunguka upande wa pili, akaingia, akafunga mlango. Kelele zikabaki nje. Kibibi alikuwa ameegemeza kichwa, macho ameyafumba, uso umevimba na umetulia.

"Kumbe ndivyo kilivyo," akasema. "Kizuri."

"Ndivyo kilivyo."

"Umeliwasha?"

Mikidadi alitazama mbele. Mbele kulikuwa na miguu ya watu, suruali na viatu vinavyong'aa, vikicheza.

"Nimeliwasha."

"Mbona silisikii?"

"Haya ya umeme hayasikiki."

Akashika usukani kwa mikono yote miwili. Akaupinda kushoto kidogo, akaurudisha, kama alivyowaona madereva wakifanya. Wapiga picha wakasogea kwenye kioo. Mtukufu akauliza yule mama amefumba macho kwa nini, Profesa akamwambia anafurahia utulivu wa chombo.

"Tunapanda?" akauliza Kibibi.

"Tunapanda."

"Polepole hivi? Kanyaga, mume wangu."

Akakanyaga.